Taa za Gari Unalolipeleka Punia

Mwanangu Mwamini,

Umetoka hapa na hasira, na mlango umeubamiza mpaka kalenda ikaanguka ukutani. Sikulaumu. Najua uko kwa shangazi yako Sauda, unaaga, na pengine unamweleza jinsi baba yako alivyokwenda kuomba unyang'anywe kazi kabla hujaianza. Ni kweli nilikwenda. Kesho asubuhi utalivusha lile gari la wagonjwa kwa bac, kile kivuko cha mtoni, mpaka Alunguli, utashika njia ya Punia, na mimi nitabaki hapa Kindu, upande huu wa mto. Maneno yangu yakitoka mdomoni yanageuka ugomvi, wewe mwenyewe umeona. Kwa hiyo nimekaa mezani, mwanga ungali mlangoni kidogo, nakuandikia.

Sitakuambia ule nini huko wala ulale vipi. Hayo shangazi yako anakuambia sasa hivi, na anayajua kuliko mimi. Mimi nataka kukueleza juu ya taa.

Umesema leo kwamba baba yako anaogopa magari. Mama, magari yamenilisha nusu ya maisha yangu. (Nimekuita Mama tangu uzaliwe kwa sababu una jina la mama yangu mzazi, na leo sijui kukuita vingine.) Ninachoogopa ni mtu kuendesha mahali asipoona akajiambia kwamba anaona. Hiyo naijua, kwa sababu mtu huyo nilikuwa mimi.

Wakati wa vita nilikuwa shofere wa pikapu ya mfanyabiashara mmoja, nikibeba mchele na mawese kati ya Kindu na Kalima. Mafuta yalikuwa yamekosekana, treni haikuja tena, na karibu kila gari lililobaki mjini lilikuwa mikononi mwa watu wenye silaha. Siku moja, jua likishuka, walinisimamisha njiani. Mkubwa wao alizunguka mbele ya gari, akaitazama taa ya kwanza kama mtu anayemtazama mbwa asiyemwamini, akaipiga kwa kitako cha bunduki. Kisha akaipiga ya pili.

"Taa njo inaita risasi," aliniambia. "Sasa endesha."

"Chef, nitaona namna gani?"

"Utaona."

Na kweli niliona. Nilijifunza kuinua macho badala ya kutazama chini, kwa sababu pale miti ya kuume na ya kushoto inapoachana, mbingu huacha mstari mweupe kidogo, na barabara iko chini ya mstari huo. Nilibeba majeruhi wao hivyo, nikabeba magunia yao, nikabeba hata maiti. Wenzangu waliopita na taa zao walipigwa risasi. Mimi nilirudi nyumbani. Na nyumbani nako mama yako Fatuma alizima koroboi mara tu tulipomaliza kula, tukaongea gizani kwa sauti ya chini mpaka usingizi ulipotuchukua. Wewe ulizaliwa katika giza hilo. Mkunga alikupokea kwa kupapasa, maana hakuna aliyethubutu kuwasha kitu.

Mtu akiokolewa na jambo, analiheshimu maisha yake yote, hata siku ambapo jambo lile linageuka kumwua. Mimi niliokolewa na giza. Vita ilipokwisha, mama yako alirudia kuwasha taa kama watu wote. Mimi nilikuwa naona kama anajionyesha.

Halafu magari yakaanza kurudi Kindu, machache kwanza, kisha mengi. Hayakuwa mapya. Yalikuwa magari ya okazioni, yaliyochoka kwa wenyewe huko Japani, yakapita baharini, yakapita nchi za watu, yakatufikia sisi yakiwa na usukani upande wa kuume na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mama yako na mimi tulinunua moja, lile basi dogo jeupe ambalo ulipenda kulala kwenye kiti chake cha nyuma hata likiwa limesimama uani. Kwa ajili ya gari lile mama yako alikaa sokoni miaka mingi na mchele wake. Siku lilipoingia kwetu alilizunguka akiligusa kila mahali kwa kiganja, kisha akaja kwangu.

"Baba Mwamini, vioo vya mafare yake viko na ukungu."

Vilikuwa na ukungu kweli. Plastiki ya taa za mbele ilikuwa imegeuka njano, na ndani yake, ile sahani inayong'aa ambayo kazi yake ni kuusukuma mwanga mbele, ilikuwa imeungua ikawa kama tako la sufuria. Ukiwasha, mwanga ulitoka ukaanguka papo hapo mbele ya bampa. Tena kulikuwa na ubaya mwingine ambao sikuujua wakati ule. Gari la usukani wa kuume limetengenezewa nchi ambako watu wanaendesha kushoto, na taa zake zimeelekezwa zimulike zaidi ukingo wa kushoto. Sisi tunaendesha kuume. Watu wetu wa miguu na wa baiskeli wako kuume, upande ambao taa hizo hazina habari nao.

Nilimjibu mama yako, "Inatembea. Taa ni kitu kidogo."

Hatukuwa peke yetu. Mwenye kutuuzia, ambaye jina lake sitaliandika, alikuwa ameleta magari mengi ya namna ile kwa mara moja, na walionunua walianza kulalamika. Mmoja aligonga mbuzi. Mwingine aliingia mtaroni karibu na uwanja wa ndege, akavunjika mkono. Mwalimu Kasongo, jirani yetu wa siku zile, alikuwa na gari kama letu, na ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwakusanya watu. Alikuja hapa jioni, akakataa kukaa.

"Baba Mwamini, kesho tunaenda kwa ule mwenye kutuuzia. Tunataka abadilishe mafare yote. Twende pamoja. Wewe uko shofere wa zamani, atakusikia."

Mimi nilicheka. "Mwalimu, miye nilitembea vita muzima bila taa hata moja. Nyinyi munalilia ukungu?"

"Ile ilikuwa vita."

"Na barabara njo ile ile."

Akaniaga kwa heshima, akaenda. Mama yako alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliendelea kuchambua mpaka mwalimu alipofika barabarani. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Ungeenda tu. Hata kwa kusimama nyuma yao."

Walikwenda bila mimi. Yule mwenye kutuuzia aliwapokea vizuri, akawaletea viti, akawasikiliza mpaka mwisho. Halafu akawauliza, "Na Ramazani, Baba Mwamini, iko wapi? Alinunua pamoja na nyinyi, iko anabeba watu Kalima kila juma. Yeye mbona halalamike? Shofere mwenye kujua kazi yake haogope taa." Wakainuka kwenye viti vyake. Walirudi na magari yao kama yalivyokuwa.

Hayo nilielezwa na mwalimu mwenyewe, baadaye sana, tukiwa tumekaa kwenye matanga ya mama yako. Hakunielezea kwa ubaya. Nadhani alifikiri nilikuwa ninajua.

Ajali unaijua kwa jinsi watoto wanavyojua mambo, vipande vipande, kutoka kwa watu wazima walionyamaza ulipoingia. Ngoja nikupe yote leo, kwa sababu njia yako ya kesho inapitia Kalima, pale pale.

Tulikuwa tunatoka Kalima. Mama yako alikuwa amekwenda kuchukua mchele, na abiria wengine walikuwa wameshuka njiani, tukabaki wawili. Mvua ilitushika, tukangoja kwenye daraja mpaka maji yapungue, na tulipovuka jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya miti. Ilikuwa bado saa ya magharibi, mbingu ina weupe, lakini chini msituni palikuwa peusi kabisa. Mama yako alisema, "Tulale hapa kwa watu, tutaenda asubuhi." Palikuwa na nyumba mbili tatu, na mwanamke mmoja alikuwa ametupungia mkono. Mimi nikasema tumekaribia.

Niliwasha taa. Nikainua macho, nikatafuta mstari wa mbingu kama nilivyozoea. Vita ilikuwa imenifundisha barabara tupu, Mwamini. Siku zile hakuna raia aliyetembea njiani saa ile, wote walikuwa wamejificha. Sikujiambia kwamba sasa ni amani na watu wako barabarani.

Alikuwa mkumbaji, mtu wa baiskeli, anaisukuma kwa mikono huku imepakiwa bidoni, madumu ya mawese, kupita urefu wake. Alikuwa kuume, mahali pake, hana kosa hata moja. Nilimwona alipokuwa tayari mbele ya taa, mgongo na bidoni. Nikakata usukani kushoto. Gari liliteleza kwenye matope, likashuka ukingo, likagonga mti upande wa kushoto. Katika gari la usukani wa kuume, kushoto ndipo anapokaa mwenzako.

Moteri ilizimika. Taa moja ilibaki inawaka, na mwanga wake haukutosha hata kumwonyesha yule mtu wa baiskeli wapi pa kukanyaga alipokuwa akishuka kuja kwetu. Alikuja kwa kushika majani. Jambo la kwanza alilosema silisahau.

"Baba, miye sikuona mafare yako. Nilisikia moteri tu. Nilizani uko mbali."

Mimi sikumwona yeye, na yeye hakuniona mimi. Taa zilikuwa zinawaka na hazikuwa na faida kwa mtu yeyote duniani.

Tulimtoa mama yako, tukamlaza kando ya barabara juu ya gunia. Alikuwa na akili zake. Aliuliza, "Yule mwenye baiskeli ni muzima?" Yule mtu akachuchumaa karibu naye akamwambia, "Niko muzima, mama, niko hapa." Akaacha mawese yake yote njiani akakimbia kutafuta gari. Mimi nilikaa na kichwa cha mama yako mapajani. Nilikuwa nasikiliza. Katika maisha yangu sijasikiliza kitu kama nilivyosikiliza siku ile, kama kuna moteri yoyote upande wowote. Mama yako alizungumza juu yako kidogo, kama umekula, kama Sauda amekusuka. Alipoacha kuzungumza nilizungumza mimi. Yule mtu alirudi na wanaume wa kijijini na machela ya miti, bila gari, kwa sababu gari halikuwapo. Walimbeba mpaka kwenye kituo cha afya, wakipokezana, na hakuna aliyelalamika uzito. Lakini alikuwa amekwisha kwenda tungali njiani.

Baada ya matanga nilikwenda kwa yule aliyetuuzia gari, safari hii na Mwalimu Kasongo kando yangu. Akatupa pole. Akasema gari nilinunua nikiliona kwa macho yangu, tena sikulalamika. Tulikwenda ofisini kwa wakubwa wa barabara, wakatuambia tuandike, tukaandika, tukarudi kuuliza, wakatuambia tungoje. Mwalimu alichoka kabla yangu, kisha nami nikachoka. Magari yale mengine yanatembea mpaka leo. Jioni ukisimama kwenye njia ya Kasuku utayaona yanakuja, macho yao ya njano.

Hiyo ndiyo habari ya baba. Sasa ya kwako.

Mjomba wako Amisi alipokufundisha kuendesha bila kuniambia, sikumsemesha miezi mingi. Yeye ni ndugu wa mama yako, nilifikiri angeelewa. Nilipokuuliza wewe kwa nini, ulinijibu kwa upole kuliko nilivyostahili.

"Baba, siku ile ulikuwa unasikiliza kama kuna gari inakuja. Miye nataka kuwa ile gari."

Nilitoka uani nikasimama nyuma ya jiko. Jambo moja limetutoa mimi na wewe kwa milango miwili. Mimi limenifanya nimchukie kila anayeshika usukani jua likizama. Wewe limekufanya uushike.

Basi kituo cha afya cha Punia kikapata ambilansi, na ukachaguliwa, na nikasikia kwa watu jinsi ulivyojibu maswali mbele ya wanaume. Nilijivunia wewe, Mama. Sikukuonyesha. Halafu gari likaja, likasimama hapa kwetu, nikaliona. Usukani kuume. Msalaba mpya uliopakwa juu ya rangi ya zamani. Nikainama mbele yake, nikaweka kidole kwenye kioo cha taa. Njano.

Jana jioni tulilipima, unakumbuka. Uliwasha, ukakaa ndani, mimi nikaenda mbele kwa miguu kwenye barabara ya kuelekea reli, upande wa kuume, na tulipatana uniite pale utakapoacha kuniona. Nilifikiri nitakwenda mbali kidogo. Uliniita nikiwa bado sijapita ua wa jirani. Nilikuwa karibu kiasi kwamba hukuhitaji kuinua sauti. Nikavuka kwenda kushoto, ukasema, "Sasa nakuona." Nikarudi kuume. Ukanyamaza. Sikujua kama umenyamaza kwa sababu hunioni au kwa sababu unaniona na unafikiria mambo yale yale ninayofikiria mimi.

Tulichukua turnevisi, bisibisi ya Amisi, tukazigeuza taa kidogo kuelekea kuume. Tulisugua vioo kwa dawa ya meno na kitambaa, wewe kimoja, mimi kimoja, mpaka mikono ikanuka kama asubuhi ya shule. Ulikuwa unacheka. Uliwasha tena ukaniuliza, "Sasa je, Baba?" Nikasema nuru imeongezeka. Hukunisikia nikisema inatosha, kwa sababu haitoshi. Ndani kumeungua, na mahali palipoungua dawa ya meno haifiki.

Ndipo leo asubuhi nikaenda kwa daktari wako, yule anayekutuma Punia. Nilivaa kanzu, nikangoja kibarazani kwake na wagonjwa. Alinipokea vizuri, ni mtu mwenye adabu, na umri wake ni mdogo kuliko nilivyodhani.

"Papa, mafare tumeomba," alisema. "Walitujibu kwamba zitakuja na ndege."

"Lini?"

Akapanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Sijue."

"Basi gari ingoje hapa mpaka zije."

"Kule wanawake wanazalia njiani, papa. Wanabebwa kwa pikipiki, damu inatoka. Niambie nikatae gari hii, nitakataa. Lakini wewe mwenyewe njo utaniambia."

Sikuweza kumwambia. Nikaomba kitu cha aibu badala yake. Nikasema, basi tafuta shofere mwengine, chukua mtoto wa mtu mwengine. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mbele ya mtu anayeweza kuwa mwanangu. Aliinamisha macho akasema mwengine hayuko. Alikuhadithia, nafikiri kwa nia njema, na ndiyo hasira uliyoondoka nayo hapa.

Kuna jambo jingine ambalo hujui. Ufunguo wa gari ulioutafuta adhuhuri, ukageuza kila kitanda, ulikuwa katika mfuko wangu. Niliuchukua ulipokuwa unaoga. Nikatelemka nao mpaka mtoni, pale watu wanapongojea bac, nikasimama kwenye maji mpaka kanzu ikalowa. Lualaba ilikuwa imejaa, ingeuchukua bila sauti. Nilinyoosha mkono. Na nilipokuwa nimeunyoosha nilianza kusikiliza, bila kupenda, kama nilivyosikiliza siku ile kando ya barabara, na nikajua kwamba huko Punia kuna mwanaume ambaye bado simjui, ambaye atakaa na kichwa cha mkewe mapajani akisikiliza upande wa barabara. Nikirusha ufunguo, nimemjibu kwamba hakuna anayekuja.

Nikarudi. Ufunguo uliukuta chini ya kitambaa cha birika, ukafikiri umeusahau wewe. Hukuusahau. Usianze kujiona msahaulifu kwa sababu yangu.

Kwa hiyo siwezi kukuzuia na siwezi kukuruhusu. Nimekaa katikati hapa na kalamu. Ngoja nikuambie yale machache ninayoyajua, halafu nikuache.

Watu watakuuliza, kila siku, hali ya gari. Mkubwa wako atauliza, mganga atauliza, mtu wa ofisi akija kutoka Kindu na miwani yake atauliza. Sisi huku tuna jibu moja kwa maswali yote hayo: inatembea. Usilitumie. Mimi nililitumia kwa mama yako. Sema taa hazifiki ukingoni. Sema tena kesho yake. Watakuita mwenye maneno mengi, watasema mwanamke akipewa usukani anaanza kulalamika, watakukumbusha kwamba wenzako wanaendesha yale yale na hawasemi kitu. Wale wasiosema kitu, nenda kawatafute. Pengine kila mmoja wao anadhani yuko peke yake. Na akija mmoja wao mlangoni kwako kukuita mwende pamoja, vaa viatu umfuate, hata kama siku hiyo gari lako wewe ni zima. Usijione una macho kuliko wao.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Unapoendesha vizuri siku nyingi na taa mbaya, utaanza kuamini kwamba taa si mbaya. Mwili unazoea. Unajifunza mashimo, unajifunza kona, unaanza kuendesha kwa kumbukumbu, na unajisifu moyoni. Siku utakayojisikia umeizoea barabara ya Punia, ogopa siku hiyo kuliko zote. Barabara ina watu, na watu hawakai mahali ulipowaacha jana.

La tatu. Kama huoni, simama. Simama hata kama aliye nyuma analia. Mwambie mwenye mgonjwa ashuke atangulie na tochi ya simu, mwende kwa mwendo wake. Watakutukana. Mama wa mgonjwa atakuvuta kitambaa cha kichwa, atakuambia unamwua mwanawe. Simama tu. Kama hata hiyo tochi haiko, ngoja hapo hapo mpaka papambazuke.

Hilo la tatu nimelisoma tena sasa, Mwamini, na najua ninachokuomba. Nakuomba umwangalie mtu anakufa huku umeshika usukani. Na najua hutafanya hivyo. Nimekulea, naujua uso wako. Utaegemea mbele mpaka paji la uso liguse kioo, utapunguza mwendo, utakwenda. Ningekuwa ni mimi ninayesikiliza kando ya barabara, ningekuomba uje hata bila taa kabisa, ningekuapia kwamba barabara ni nzuri, ningekudanganya. Nikiwa baba nakuambia simama. Ningekuwa yule mwanaume ningekuambia njoo. Sijui nani kati ya watu hao wawili ana haki, nimetafuta siku nzima sikuona.

Mwanga wa mlangoni umekwisha, nimewasha taa ili nimalize. Huko nje gari lako limesimama uani, na watoto wa jirani wanajiangalia katika rangi yake mpya. Nimeliosha vioo tena. Nimebana skrubu ile iliyokuwa inalegea. Kesho sitasema kitu mbele ya watu, nitakusaidia kupandisha mizigo, nitamsalimu daktari, na ukitaka nikusindikize mpaka kwenye bac nitakusindikiza.

Ombi langu la mwisho nimelipunguza mpaka limebaki jambo unaloweza kulifanya. Huko Punia rezo ya simu inakuja na kuondoka, najua. Lakini kila utakapotoka na gari jua limezama, ukarudi, ukazima moteri, unibipe. Mara moja tu, hata ikiwa ni saa ambayo watu wote wamelala. Usingoje nipokee. Sitapokea, usipoteze uniti zako. Nitaiacha simu ilie mpaka ikate, na nitajua uko nyumbani.

Baba yako,
Ramazani